Ndoo ya korosho

Korosho zimeanza kuanguka tena huku Newala, na mwanangu hayupo kuziokota. Mwaka jana msimu kama huu alikaa chini ya mkorosho na ndoo yake, ananyonya mabibo, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni. Nikamgombeza kwamba madoa ya bibo hayatoki. Kweli hayajatoka. Ile fulana ninayo, sijaifua.

Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake wote tulibeba kinasaba chake bila kujua, maana mwenye kimoja tu haumwi. Kila siku kidonge cha foliki, maji mengi, sweta jioni, na baridi ya huku juu mnaijua. Maumivu yakimshika usiku ananiambia, "Mama, mifupa inapiga kelele." Namkanda kwa maji ya moto mpaka adhana ya alfajiri.

Safari ya mwisho ya Dar, tulipofika daraja la Mkapa aliomba nimnyanyue auone mto Rufiji. Miaka tisa, mzito. Nikamnyanyua.

Watu wananiambia nishukuru nina wengine wawili. (Jamani, semeni pole tu, inatosha.) Jana mdogo wake kaniuliza kama ile ndoo achukue yeye. Nimempa.