Ubao mmoja, kazi mbili kwa kila mtu

Nilipoajiriwa kusimamia miradi kwenye kampuni changa ya programu za simu pale Kijitonyama, kazi zote zilikuwa kwenye grupu la WhatsApp. Mwanzilishi akitoka kwa wateja Kariakoo usiku, anatuma voisi: "Jamani, wenye maduka wanataka risiti itoke kwenye printa ya Bluetooth, nimewaahidi Ijumaa." Asubuhi vijana wanaacha walichoshika na kukimbilia risiti. Sehemu ya kuhesabu mzigo wa stoo, iliyoahidiwa zamani, inabaki nusunusu.

Vijana walinipokea kwa mashaka. Kwao usimamizi wa miradi ulikuwa fomu na ripoti, mambo ya wajenga madaraja. Nilipotaja kikao cha kila asubuhi, mmoja akaniuliza, "Dada, umekuja kutuchunga?" Basi skramu, utaratibu wa kusimamia kazi wenye kikao hicho, nikaiweka pembeni. Skramu inataka timu ichague kazi za kipindi kisichozidi mwezi na isiyumbishwe humo katikati, nasi tulikuwa na wateja wachache mno kuweza kuwaambia wasubiri. Nikachukua kanban, utaratibu wa kufuatilia kazi kwa vikaratasi, uliozaliwa kwenye viwanda vya Toyota huko Japani. Nikabandika ubao ukutani wenye safu nne: Bado, Inafanyika, Imekwama, Tayari. Kila kazi ikawa na kikaratasi chake. Sharti likawa moja tu, hakuna mtu kushika kazi zaidi ya mbili.

Sharti hilo lilimbana zaidi mwanzilishi. Tulikubaliana kwamba akitaka kupenyeza kazi mpya, aje ubaoni aiondoe nyingine kwa mkono wake. Mara ya kwanza alisimama pale na kikaratasi chake, akasoma kimoja kimoja. "Kumbe ya stoo haijaisha?" Akakibandika chake kwenye Bado, akampigia mteja.

Ila kilichotufumbua macho hasa ni safu ya Imekwama. Vikaratasi vilirundikana huko, vingi vikisubiri kampuni ya simu itupe idhini ya kuunganisha malipo. Lawama za kuchelewa walikuwa wakibebeshwa vijana, kumbe kazi yao walishaimaliza! Siku hizi maombi ya idhini yanatangulia, kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa, na mwanzilishi mwenyewe ndiye anayeyafuatilia, maana simu yake inapokelewa haraka kuliko yangu.

Kikao cha asubuhi kilikuja baadaye, vijana wenyewe walipokiomba. Tunasimama mbele ya ubao, hatuzidishi dakika 15, na tunaanzia kwenye Imekwama.