Takwimu za unene huharibikia kwenye kipimo cha urefu

Ukitaka kujua kama takwimu za unene wa watu wazima zinaaminika, usianze na jedwali la matokeo. Nenda sehemu ya mbinu uangalie jambo moja kwanza: watu walipimwa, au waliulizwa tu?

Wanaoulizwa wengi hujiongezea urefu na kujipunguzia uzito. Makosa hayo mawili yanavuta upande mmoja. Mtu mwenye sm 168 na kilo 74 ana BMI (namba inayolinganisha uzito na urefu) ya 26.2, yaani amezidi uzito. Akisema ana sm 171 na kilo 71, anashuka hadi 24.3 na kuhesabiwa miongoni mwa wenye uzito wa kawaida. Hajadanganya sana, lakini keshatoka kwenye kundi lake. Kwa hiyo utafiti wa simu na utafiti wa mizani haviwekwi kwenye chati moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 ni uzito uliozidi na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, na huu una ngazi za 30, 35 na 40. Panga watu kwenye makundi kabla hujakadirisha desimali. Mwenye 24.96 bado yuko chini ya 25, hata kama kompyuta yako inamwonyesha kama 25.0.

Kwa kuwa urefu unazidishwa kwa wenyewe, kosa lake nalo linakua. Mtu wa kilo 72 mwenye sm 170 ana 24.9. Ukimsoma sm 168 kwa sababu aliinamisha kichwa, anakuwa 25.5. Sasa chukua jamii nzima: tuseme wastani wa BMI ni 25, mtawanyiko ni wa kawaida wenye mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa 4, na urefu wa watu unakaribia sm 170. Wenye 30 na zaidi ni kama asilimia 11. Kipimo cha urefu kilichofungwa vibaya kikiwapunguzia wote sm 2, asilimia hiyo inapanda hadi 14 hivi, na hakuna aliyeongezeka hata gramu moja. Atakayesoma ripoti atadhani unene umepanda kwa kasi.

Wapo wanaojifariji kwamba makosa ya huku na kule hufutana. Kwa wastani, ni kweli. Kwa asilimia ya walio juu ya mpaka, si kweli: makosa ya kubahatisha hutanua mtawanyiko, na mkia wa wanene, yaani upande wa BMI kubwa, huonekana mrefu kuliko ulivyo.

Basi urefu upimwe hivi. Viatu nje, kofia na vilemba nje, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe, na pawe na sehemu ya faragha ili mtu asione aibu. Asiyeweza kufungua nywele, pima na uandike kwamba kipimo kina walakini. Usikisie cha kutoa. Visigino pamoja, mgongo na visigino viguse ubao wa kupimia kadiri umbile lake linavyoruhusu, macho mbele. Ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe usawa mmoja na sehemu ya juu ya tundu la sikio. Hapa ndipo wapimaji wengi hukosea, kwa kuwa mtu akiambiwa "simama wima" huinua kidevu. Shusha kitelezi, kile kipande kinachoteleza juu ya ubao, mpaka kibane nywele, soma macho yako yakiwa usawa wa alama, andika hadi sm 0.1. Mpimaji mfupi apande kistuli, maana akisoma kutoka chini atakosea kila mara kwa mwelekeo uleule.

Mizani ina masharti machache: sakafu ngumu na tambarare, isiwe kwenye zulia, na kila asubuhi ijaribiwe kwa jiwe la uzito unaojulikana. Angalia pia ukomo wake. Mizani inayoishia kilo 150 itawaacha nje walewale unaowatafuta, na ukiwaandika "hakupimwa" umepunguza asilimia ya unene kwa mkono wako. Wajawazito hawahesabiwi kwenye BMI, hivyo swali la ujauzito liulizwe kabla ya kupima, pembeni, kwa sauti ya chini.

BMI haitofautishi misuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi. Ndiyo maana kiuno kinafaa kupimwa pia. Tafuta kwa vidole ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na kilele cha mfupa wa nyonga, weka alama katikati yake, zungusha futikamba sambamba na sakafu bila kuikaza, kisha soma mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida. Mtu akiguswa tumbo hulivuta ndani, kwa hiyo mwache apumue mara mbili tatu kwanza. Mpaka wa hatari kwa afya ni kuanzia sm 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, na hatari kubwa zaidi ni juu ya 102 na 88. Wapo wanaopima juu kabisa ya mfupa wa nyonga. Vipimo vya sehemu hizo mbili havilingani, hasa kwa wanawake, kwa hiyo ripoti itaje kiuno kilipimwa sehemu ipi. Futikamba ya kitambaa hunyumbuka kadiri inavyotumika. Ilinganishe na rula ya chuma.

Kuhusu mipaka yenyewe: mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walibakiza 25 na 30 kwa ulinganisho wa kimataifa, ila wakapendekeza kwa jamii za Asia kuangalia pia 23 na 27.5. Ukiwa na BMI halisi ya kila mtu, unaweza kuhesabu kwa mipaka yote. Ukihifadhi makundi tu, umejifungia mlango.

Ukaguzi mmoja ufanyike kila jioni timu ikiwa bado uwanjani: hesabu tarakimu ya mwisho ya kila urefu. Sifuri na tano kwa pamoja zinapaswa kuwa karibu moja ya tano ya vipimo vyote. Zikiwa nusu, mpimaji huyo anakadiria. Kesho yake mpimaji mwingine arudie kuwapima baadhi ya watu wake, bila kuonyeshwa namba za awali.