Mbwa wangu alitemewa sumu na swila

Huku Voi swila hawakosi, hasa penye kuku na panya. Jioni moja Simba alibweka nyuma ya banda la kuku, kisha akarudi akilia, macho ameyafumba, akijisugua uso mchangani.

Kwanza nilimwondoa pale, maana nyoka hutema zaidi ya mita mbili na bado alikuwepo. Nikamfunga mdomo kwa leso, si kwa kukaza sana. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha. Kijana wangu akamshika miguu ya mbele asijikwaruze.

Kisha maji. Mengi! Nilimlaza ubavu, nikafungua kope kwa vidole viwili na kumimina polepole kutoka kona ya ndani ya jicho kuelekea nje, jicho moja baada ya jingine, kama dakika ishirini. Jirani alileta maziwa. Yanafaa kama maji hayapo, lakini bomba lilikuwa linatoka, basi maziwa tukayanywa na chai.

Daktari wa mifugo alimtia matone ya rangi ya chungwa, ambayo hung'aa kijani pale konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ilipochubuka. Jicho la kushoto lilikuwa na mchubuko. Akatupa mafuta ya antibiotiki na dawa ya kutuliza maumivu, akatukataza kabisa dawa ya macho yenye steroidi (kemikali ya kupunguza uvimbe), kwani huchelewesha kidonda kupona.

Kwa kuwa Simba alizidi kujikuna, nilikata kitako cha ndoo ya rangi nikamvalisha shingoni. Macho yote yanaona.