Msikimbilie kuosha sakafu

Jana nimekutana na Mama K pale Mwaloni Kirumba anauza dagaa, ananipimia kopo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umebaki na vidole viwili na anauficha kwenye kanga. Usiku sijalala, ndo maana naandika.

Miaka hiyo tulikuwa zamu moja kwenye kiwanda kimoja cha samaki hapahapa Mwanza, tunasaga barafu. Mashine inazungushwa na mkanda na mkanda una kinga yake ya chuma, sasa ile kinga ilikuwa imetolewa kama wiki mbili hivi maana mkanda ulikuwa unateleza kila saa na fundi kachoka kufungua bolti, akaiegemeza ukutani nyuma ya makreti, wote tunapita tunaiona. Alfajiri moja barafu ikakwama, Mama K akapeleka mkono, glavu ikanaswa.

Tukazima umeme, tukamtoa, akawahishwa hospitali. Mpaka hapo sawa kabisa, mtu kwanza. Kinachoniuma ni kilichofuata. Supavaiza akasema gari la sangara lipo getini, osheni hapa haraka, na aliyeshika mpira wa maji ni mimi. Damu, vipande vya glavu, barafu, vyote vikaingia mtaroni hata dakika kumi hazijaisha. Fundi naye akarudisha kinga. Mkaguzi wa OSHA, ule wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, anafika anaikuta mahali pake, imeliwa na kutu chuma chote, ila bolti nne zinang'aa kama zimetoka dukani asubuhi ileile. Akazitazama sana zile bolti. Akatuuliza, tukanyamaza wote, kibarua wa siku utasema nini, kesho yake unaambiwa getini leo hakuna kazi. Kiwanda kikaandika uzembe wa mfanyakazi, basi.

Saivi na mimi ni supavaiza, karakana moja huku Nyakato, na vijana wangu nimewaambia mpaka wamechoka kunisikia. Okoa mtu, zima umeme, kama kuna gesi inavuja funga, kama kuna moto zima, ukishamaliza hayo mikono mfukoni. Usiokote spana, usifagie, usirudishe kinga. Kama ilibidi usogeze kitu ili umtoe mtu, piga chaki pale kilipokuwa na uandike nani kakisogeza na saa ngapi, hilo halina kosa, kosa ni kukisogeza halafu ukanyamaza. Swichi nayo ukishazima umeme usiichezee tena, wakati mwingine ndo inaonyesha mashine ilizimwaje. Kwenye droo nina utepe mwekundu na mweupe, chaki, na kufuli ya swichi kubwa, na mtu mmoja anasimama mlangoni asipite yeyote, hata bosi, mpaka wakaguzi waseme sawa. Ajali kubwa lazima iripotiwe OSHA, wana ofisi hapahapa Mwanza kwa kanda yetu, na sheria yenyewe ni ya 2003, sio jambo la jana.

Picha pigeni nyingi, kuanzia mbali mpaka karibu, weka kalamu pembeni ya kitu ili ukubwa wake uonekane. Kamera za ukutani mwambie mhusika atoe nakala siku hiyohiyo, zile mashine zikijaa zinafuta za zamani zenyewe. Ila kubwa kuliko yote jamani ni majina na namba za simu za vibarua waliokuwepo, kabla zamu haijatoka. Mtu analipwa jioni anavuka zake Sengerema au anarudi Ukerewe, ukimtafuta wiki ijayo humpati, na huenda ndo yeye peke yake aliyekuwa amesimama upande wa mkanda. Mwenye kiwanda anaogopa hasara ya masaa, namwelewa, samaki wanaharibika, lakini hamishia kazi upande mwingine, usifute.

Jana nikajikaza nikamwambia Mama K, dada, ule mpira wa maji niliushika mimi. Akasema najua mdogo wangu, niliambiwa. Akaongeza dagaa kwenye mfuko, halafu akaniuliza ile glavu ya kulia niliiona? Maana kumbe tangu juzi yake alikuwa amewaambia imechanika kwenye kiganja, anaomba nyingine, na hakuna aliyekuja kumwamini.

Sikuwa na jibu. Niliisukumia mtaroni kwa maji mimi mwenyewe.