Nilivyoficha namba ndani ya picha na ikabaki salama hata baada ya kupita WhatsApp

Niseme mapema, hapa siongelei kutumiana meseji za siri, naongelea kulinda kazi ya mtu. Mdogo wangu ni mpiga picha Unguja, harusi ndo zinamuweka mjini lakini akipata nafasi anaenda kupiga ngalawa Nungwi, milango ya Mji Mkongwe, kima punju kule Jozani, na hizo ndo picha zinazochukuliwa bila ruhusa. Unakuta imewekwa kwenye tangazo la mtu, kona yenye jina lake imekatwa, ukiuliza unaambiwa tumeipata kwenye grupu. Grupu gani, nani kaituma, hamna anaejua. Na picha ile ile alishawatumia watu kadhaa waiangalie kabla ya kununua, sasa utajuaje imetokea kwa nani?

Nilichotaka kumtengenezea ni kwamba kila anaetumiwa picha apate kopi yenye namba yake, namba isionekane kwa macho, isiondoke kwa kukata kona, na picha ikiokotwa popote tuweze kuisoma. Alama kubwa katikati ya picha hakuitaka na mi nilimuelewa, mtu anaenunua picha ya machweo anataka aone machweo. Kujaza jina kwenye taarifa za faili, zile EXIF zinazobeba aina ya kamera na saa ya kupiga, nako hakutoshi. Hiyo ni kama kuandika jina kwenye bahasha, picha ikipita WhatsApp bahasha inatupwa inabaki barua tu.

Nikaanza na njia inayofundishwa kila mahali, ya biti ya mwisho. Kwenye picha ya kawaida kila pikseli, yani kila nukta ndogo ya picha, ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, yani biti 8, na biti moja ni 0 au 1 tu. Ukigeuza biti ya mwisho kabisa 200 inakua 201, na hakuna jicho la binadamu litakalojua. Picha ya pikseli 1000 kwa 1000 ina namba milioni 3 za aina hiyo, kwa hiyo unaweza kuingiza biti milioni 3, sawa na baiti 375,000, hicho ni kitabu kizima ndani ya picha moja. Ukitumia lugha ya programu ya Python na Pillow, maktaba yake ya picha, ni mistari michache tu. Nikaweka maneno kwenye picha ya aina ya PNG, nikayasoma, yakatoka yote bila herufi kupotea.

Alafu nikaituma WhatsApp kama picha, nikaipakua, nikasoma tena. Takataka tupu. Nikaituma ile ile kama dokumenti, ikarudi na maneno yote. Hapo ndo roho ya jambo hili ilipo na ndo kitu natamani kila anaejifunza aambiwe siku ya kwanza: kuficha ni rahisi, shughuli ni data kuvuka safari. PNG inatunza kila namba ilivyo. JPEG, aina ya faili ambayo WhatsApp inabania picha ukiituma kama picha, imetengenezwa makusudi itupe vitu ambavyo jicho halivioni, na biti ya mwisho ndo kitu cha kwanza jicho lisichokiona. Yani sehemu uliyoichagua kwa sababu haionekani ndo hiyo hiyo inayofagiliwa kwanza.

Njia hiyo ina shida nyingine pia hata kwa wanaotaka siri. Watafiti Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha mwaka 1999 kwamba ukijaza biti za mwisho, namba zinazokaa pamoja kama 200 na 201 zinaanza kupatikana kwa idadi karibu sawa, wakati kwenye picha ya kawaida haziko hivyo, kwa hiyo hesabu tu inakuumbua bila mtu kuitazama picha yenyewe. Kwangu hilo halikua na uzito sana, mi sikua namficha mtu kwamba kuna namba, nilitaka tu isitoke.

Nikawaza kuhusu rangi. Printa nyingi za rangi za leza zinachapa vidoti vidogo vya njano kwenye kila karatasi, huvioni mpaka utumie taa ya bluu na lenzi, na mwaka 2005 watu wa Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu kwenye dunia ya kidijitali, walifichua mpangilio wa vidoti vya printa moja ya Xerox, vilikua vinabeba tarehe, saa na namba ya mashine. Wazo zuri mno, jicho ni dhaifu kwenye njano juu ya nyeupe. Ila kwenye picha za simu halinisaidii, kwa sababu JPEG inatenganisha mwanga na rangi, alafu rangi inapunguzwa kwanza, mara nyingi inabaki nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Kwa hiyo nikaamua namba ikae kwenye mwanga.

Kilichonifungua macho ni kazi ya mtafiti Ingemar Cox na wenzake ya mwaka 1997. Hoja yao ukiisikia mara ya kwanza inashtua: usifiche alama kwenye sehemu zisizo na maana, ifiche kwenye sehemu ambazo picha inazihitaji, ili atakaetaka kuitoa alama aiharibu picha yenyewe. Nikaisoma usiku ule nikasema basi, hapa ndo pa kushika.

Sasa nieleze JPEG inafanyaje, bila hapo huwezi kuelewa kilichofuata. Inaigawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8. Kila kiboksi kinapitishwa kwenye hesabu inaitwa DCT, na zile pikseli 64 zinakua namba 64 za aina nyingine: ya kwanza ni mwanga wa jumla wa kiboksi, zinazofuata ni mabadiliko ya taratibu, za mwisho kabisa ni mabadiliko ya haraka haraka kama nywele au mchanga. Alafu kila namba inagawanywa kwa namba ya kwenye jedwali na jibu linakadiriwa kuwa namba nzima, na hapo kwenye kukadiria ndo vitu vinapotea. Za mwisho zinagawanywa kwa namba kubwa kwa hiyo nyingi zinakua sifuri. Za mwanzo zinaguswa kidogo.

Kwa hiyo nikachagua namba ya katikati kuelekea mwanzo, moja kwa kila kiboksi. Ukiigusa ya kwanza kabisa viboksi vinaonekana kama vigae, ukiigusa ya mwisho inafutwa. Njia ya kuandika biti niliitoa kwa watafiti Brian Chen na Gregory Wornell waliochapisha mwaka 2001, na ni rahisi kuliko inavyosikika. Unachagua hatua, mimi 24. Unaigawa namba yako kwa 24. Ukitaka kuandika 0 unaisogeza mpaka jibu liwe shufwa, ukitaka 1 unaisogeza mpaka liwe witiri. Kusoma ni kugawa tena kwa 24, kukadiria kuwa namba nzima, na kuangalia kama ni shufwa au witiri.

Kwanini 24? Jedwali la kawaida la JPEG kwenye ubora wa 75 linagawa namba za sehemu hiyo kwa 7 au 8. Maana yake kosa linaloweza kuingia ni kama 4 kwenda juu au chini, na alama yangu inavumilia mpaka 12. Kuna nafasi ya kutosha hata picha ikibanwa zaidi. Na uharibifu unaohesabika uko chini, PSNR, kipimo cha picha ilivyobaki karibu na ya asili, inatoka kama desibeli 43, na picha ikiwa juu ya 40 ni kazi kweli kutofautisha na ya asili ukiweka mbili pembeni.

Picha zake za 3 kwa 2 nilikua nazipunguza kwanza mpaka pikseli 1600 kwa 1067 kabla ya kuandika chochote. Hili usilidharau. Nilipotuma picha kubwa kama picha ya kawaida ilirudi na upande mrefu wa 1600, na picha ikipunguzwa viboksi vyako vyote vinahama, umeandika kwenye ukuta alafu ukuta umejengwa upya. Ukiipunguza mwenyewe mapema inabaki kubanwa tu. Saizi hiyo inatoa viboksi 200 kwa 133, jumla 26,600. Ujumbe wangu ni biti 64: 48 za namba ya mteja na namba ya picha, 16 za uhakiki. 26,600 gawa kwa 64 unapata kila biti imeandikwa zaidi ya mara 400! Kusoma inakua kura, vikisema 1 vingi kuliko 0 basi ni 1. Na vile viboksi sikuvipanga kwa mstari, nilivichanganya kwa neno la siri, ili mtu akikata nusu ya picha kila biti ipoteze kura kidogo kidogo badala ya biti zingine kupotea zote. Zile biti 16 za uhakiki ndo zinanipa usingizi, kwa sababu picha isiyo na alama yoyote ina nafasi 1 tu kati ya 65,536 ya kutoa jibu linalofanana na kweli.

Kazi ngumu ilikua anga. Picha ya ngalawa Nungwi nusu yake ni anga laini, na harusini kuna gauni jeupe, na kwenye sehemu laini hivyo jicho la mdogo wangu lilikua linaona kitu, anasema kaka hapa kuna kama vumbi limepangwa. Mimi sikuliona mpaka nilipokuza, yeye analiona kwenye simu, na nilimuamini kwa sababu kuangalia picha ndo kazi yake. Dawa yake nikapima kila kiboksi kina mchafuko kiasi gani. Penye mchanga, majani, nakshi za mlango, naandika kwa nguvu zote, penye anga tupu naruka kabisa. Msomaji atajuaje viboksi gani vimerukwa? Hapa kuna uzuri wa kesi yetu, picha ya asili tunayo sisi, kwa hiyo programu inaipima ya asili na inapata orodha ile ile. Kura zinapungua, kwenye picha yenye anga kubwa zinaweza kushuka zaidi ya nusu, lakini bado zinatosha sana.

Kuwa na picha ya asili kulitatua na skrinshoti pia. Skrinshoti inabadilisha saizi, inakata pembeni, inaongeza vitufe vya simu juu na chini. Nikatumia OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, ina njia inaitwa ORB inayotafuta pointi zinazofanana kwenye picha mbili, kona ya tanga hapa na kona ya tanga pale, alafu inaivuta ile skrinshoti mpaka ikae sawasawa juu ya ya asili. Baada ya hapo viboksi vinarudi mahali pake na unasoma. Mara ya kwanza namba ilipotoka kwenye skrinshoti ya skrinshoti nilimpigia simu usiku, akapokea anadhani kuna msiba.

Haijapita muda mrefu picha yake moja ya machweo ikatokea kwenye kipeperushi, imekatwa chini, imeongezwa rangi ya chungwa na maandishi makubwa juu. Na hapa ndo nimefurahi kuliko hesabu zote hizo, kwa sababu watu walishaanza kumtaja kijana anaembebea vifaa, eti yeye ndo mwenye kushika simu ya kazi. Tukaipakua, tukailinganisha na ya asili, programu ikasoma, uhakiki ukapita. Namba ilikua ya kopi iliyotumwa kwa ofisi moja iliyoomba bei alafu ikanyamaza. Yule kijana hakuhusika hata kidogo, na aliambiwa hivyo mbele ya wale wale waliomtaja. Mdogo wangu akawaandikia wale wa ofisini kwa adabu, akawatumia faili ya asili kutoka kwenye kamera na namba ya kopi yao, wakalipa.

Ila namba peke yake isichukuliwe kama hukumu. Inakuambia kopi ilienda kwa nani, haikuambii nani kaisambaza baada ya hapo, simu inaweza kuibiwa, mtoto anaweza kuforwadi. Ndo mana tunaitumia na ile faili ya kamera na mazungumzo ya kutumiana picha, vyote pamoja. Na wateja wote wanaambiwa kabla kwamba kopi za kuangalia zina namba ndani, mi nilisisitiza hilo, kumuwekea mtu alama bila kumwambia sikutaka.

Haishindi kila kitu. Mtu akichapa picha akaipiga tena kwa simu kwa pembeni, kwenye majaribio yetu wakati mwingine inasomeka wakati mwingine haisomeki, inategemea mwanga na karatasi. Akiipitisha kwenye programu ya akili bandia inayochora picha upya, pikseli zote ni mpya na alama inaondoka. Kwa hayo naangalia njia za mitandao ya neva, yani programu zinazojifunza kwa mifano mingi, ambapo programu moja inafundishwa kuficha na nyingine kusoma huku picha ikiharibiwa makusudi katikati ya mafunzo, lakini laptopu yangu inahema na bado sijafika pa kuelezea.

Kwa anaetaka kujaribu, Python, NumPy (maktaba yake ya hesabu) na OpenCV vinatosha na vyote ni bure. Fanya majaribio kwa njia ambayo picha zako zinapita kweli, kama ni WhatsApp pitisha WhatsApp, tena zaidi ya mara moja, kama ni Instagram pitisha huko. Neno la siri na picha za asili weka sehemu mbili tofauti, sisi moja iko kwenye diski ya nyumbani Unguja nyingine ninayo mimi Dar, kwa sababu ukipoteza neno la siri viboksi hutajua vilipangwaje na ukipoteza ya asili skrinshoti huna cha kuilinganisha nacho.