Wasaidizi wa sheria, Mungu awalipe

Nataka niwashukuru hadharani wasaidizi wa sheria wa hapa Pemba. Mama mdogo alipoachwa, alirudi kwao na mkoba wa nguo na karatasi ya talaka tu. Nyumba aliyochangia kuijenga kwa pesa za mwani ikabaki kwa mume. Kila tuliyemuuliza alijibu, "Keshaachwa, anataka nini tena?" Inauma sana kulisikia hilo kwa jamaa zako mwenyewe.

Msaidizi wa sheria wa shehia yetu, yaani eneo letu dogo la utawala, hakujibu hivyo. Alikaa naye barazani, akamuuliza taratibu: bati nani kanunua? Saruji nani kalipa, na fundi alimjua nani? Mama mdogo akatoa daftari lake la mauzo ya mwani, kurasa zimekakamaa kwa maji ya chumvi. Msaidizi akalisoma lote, kisha akamueleza kuwa Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inampa Kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali ya wanandoa, mchango ukithibitika.

Wengi wa wasaidizi hawa wamefunzwa na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, chenye ofisi pia Chake Chake. Wanajitolea, na wengine hutembea kwa miguu shehia nzima.

Shauri limeshafunguliwa, tunasubiri kuitwa. Kama una dada au jirani aliyeachwa hivi, muulizeni sheha, mkuu wa shehia yenu, msaidizi wa sheria wenu ni nani. Hatozi kitu.