Jirani Zetu wa Siku Mbili, Ilazo

Mtaa wetu wa Ilazo, hapa Dodoma, ulijaa nyumba kwa kasi baada ya mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia kweli kwenye makao makuu yaliyoamuliwa tangu 1973. Ghorofa iliyopakana na ukuta wetu ilikuwa na familia za watumishi waliolipa kodi ya miezi sita sita. Mikataba yao ilipokwisha haikuongezwa, na sasa humo wanapita wageni wa apatimenti za kulala kwa siku, ambao hulipa kwa simu, huchukua funguo kwenye kisanduku cha namba kilichofungwa getini, na huondoka bila kuonana na mtu yeyote.

Sina ugomvi na wageni wenyewe. Wengi huja wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, vyumba vinapokuwa adimu mjini. Wengine ni ndugu wa wagonjwa wanaotibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambao jiko la kumpikia mgonjwa uji lina maana kubwa kwao kuliko mapokezi ya hoteli. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wapo pia wanaofika usiku sana, na dereva wa bajaji anayefuata ramani ya simu hupiga honi getini kwetu. Tunaamka, tunawaelekeza.

Kinachonisumbua ni kwamba katika nyumba ile hakuna wa kuzungumza naye. Jirani wa nyumba ya tatu alipofiwa na mama yake, turubai lilifungwa barabarani, na wanawake wakaketi kwenye mikeka wakisubiri mwili ufike kutoka Kondoa. Ghorofani muziki ulikuwa umefunguliwa kwa sauti kubwa. Mjumbe wetu, mzee ambaye magoti yanamsumbua, alipanda ngazi na kugonga, na vijana aliowakuta humo wakazima mara moja, wakaomba radhi, na mmoja wao akashuka kutoa pole na rambirambi. Walikuwa watu wema ambao hawakuambiwa. Kesho yake jioni walikwisha kuondoka, wengine wakaingia na muziki wao, na mzee akapanda ngazi upya. Wapangaji wa zamani wangekuwa na taarifa tangu alfajiri, na wake zao wangekuwa jikoni pamoja na wetu.

Maji nayo yana habari yake. Jiji hili hutegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, mvua zetu ni za msimu mmoja, na mgao tumeuzoea. Siku ya mgao kila kaya huwahi kukinga, lakini ghorofa ile ina mota inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, hivyo kwetu maji hutoka kama uzi. Nilipompigia msimamizi, alinijibu kwa adabu kwamba anaishi upande wa pili wa mji na kwamba lazima kwanza awasiliane na mwenye nyumba, aliye Dar es Salaam.

Mwenye nyumba ana haki ya kunufaika na mali yake, na najua ujenzi ni mkopo. Hata hivyo, tangazo lake linasifu mtaa tulivu na salama, na utulivu huo unatokana na mchango wa ulinzi shirikishi tunaoutoa kila mwezi, pamoja na kujuana kwetu, wakati jengo lake halichangii chochote.

Kwa mkutano ujao wa mtaa nimeandika maombi manne: msimamizi aishi ndani ya jengo na atambulishwe kwa mjumbe, kuwe na kitabu cha wageni kama kile tunachojaza katika gesti yoyote nchini, mchango wa ulinzi ulipwe kwa kila apatimenti, na mota iondolewe kwenye bomba la mtaa, ivute kutoka kwenye tangi lao. Mwenyekiti ameahidi kuyaweka kwenye ajenda, na nakala nimemtumia mwenye nyumba mapema ili aje mwenyewe au atume mtu mwenye mamlaka ya kujibu.